Zima Injini Kwanza

Lori lilianza ujinga wake mara tu barabara ya lami ilipopotea nyuma yao. Lilikuwa lori la kukokota magari mabovu, la giaboksi ya otomatiki, na nyuma yake lilivuta trela yenye pikapu ya mteja iliyokufa injini. Kwenye mwinuko wa kwanza gia ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu asiyejua akae au asimame. Injini ilinguruma kwa nguvu zote, na magurudumu yakawa yanatembea kwa hiari yao.

Mbele walikaa watatu. Dada alishika usukani. Yeye ndiye mkubwa, na lori lilikuwa chini yake tangu baba yao aache kuendesha. Mdogo wake, ambaye kila mtu pale karakana alimwita Fundi, alikaa dirishani na kisanduku cha spana miguuni. Katikati yao alijibana Mzee, baba yao mwenyewe, ambaye hakuwa na kazi yoyote katika safari hii. Alisema tu kwamba amechoka kukaa nyumbani akiangalia kuku, akapanda. Daraja la njia kuu lilikuwa limefungwa, kwa hiyo walikata kupitia jangwani, kwenye njia ya zamani ya malori ya mgodi ambayo siku hizi haipitiwi hata na mwendawazimu.

Dada alisimamisha lori, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha baba yake. Hapo ndipo Fundi alipofungua boneti. Ndivyo walivyolelewa. Wakiwa bado wadogo, feni ya injini ilimdaka Mzee kwa mkono wa shati, ikaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Tangu siku ile hakuna mtu wa familia yao aliyeinua boneti injini ikiwaka. Mzee aliandika amri hiyo ukutani mwa karakana kwa rangi nyekundu, ZIMA INJINI KWANZA, na ufunguo ulikaa mkononi mwake mpaka boneti ifungwe. Hakuna aliyewahi kubisha. Ukiviona vile vidole, au mahali vilipokuwa, huna la kubisha.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili nyekundu ilifika kwenye alama ya juu kabisa. Akasema imejaa, tatizo ni mzigo. Dada akasema mzigo kama huu wamevuta miaka yote. Basi ni umeme, akasema Fundi, na akaanza kufungua vifungo vya nyaya kimoja kimoja, akivipuliza mchanga na kuvirudisha. Walipowasha, lori lilitembea vizuri, Fundi akatabasamu. Halikumaliza bonde moja. Gia ikateleza tena, na harufu ya kuungua ikaingia kupitia sakafuni.

Mchana wote ulikwenda hivyo. Likipoa linakubali, likipata moto linakataa. Kila liliposimama Fundi alipima oili, na kila alipopima ilikuwa imejaa. Alichomoa waya wa betri na kuurudisha. Aligonga hapa na pale kwa mpini wa bisibisi. Mwisho alikata shauri kwamba giaboksi inachemka bila sababu, akachukua dumu la maji ya kunywa na kuimwagia giaboksi na rejeta mpaka mvuke ukamfunika. Dada alipotoka kukojoa nyuma ya trela na kurudi, alikuta dumu jepesi.

"Hayo yalikuwa maji ya watu," alisema.

"Kwani tukifika hutakunywa?"

Hawakufika. Usiku walilala chini ya trela, na asubuhi lori likaamka na adabu zake zote, likawavusha uwanda mweupe mpaka chini ya mlima wa mawe, jua lilipopanda, lori likakataa. Safari hii lilikataa moja kwa moja. Walifungua trela wakaiacha nyuma, wakidhani lori likiwa tupu litajikongoja. Dada alitia gia, akakanyaga mafuta. Injini ilipiga kelele za kutosha kuamsha kijiji, kama kungekuwa na kijiji, na magurudumu hayakusogea hata unyayo. Alipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukamuuma, kisha akapiga tena kwa sababu bado hasira ilikuwepo.

Simu hazikuwa na mtandao. Njia haikuwa na alama ya tairi jingine zaidi ya lao. Kutembea kungewezekana kwa Dada na Fundi, lakini Mzee alikuwa ameacha kutoka jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, midomo imepasuka, na alipoulizwa jambo alijibu jingine. Walimlaza kwenye kivuli cha lori, kichwa kwenye mapaja ya binti yake. Fundi akataka aende peke yake kutafuta msaada. Dada akamuuliza aende upande gani, na Fundi akaangalia pande zote, kisha akakaa chini. Wote wawili walijua kwamba baba yao hataiona jioni kama maji hayatapatikana.

Maji yaliyobaki yalikuwa kidogo mno kuyamimina bila kupoteza. Fundi alikata kipande cha mpira mwembamba wa kurushia maji kwenye kioo, wakamwekea Mzee mdomoni, ncha nyingine ndani ya dumu. Alivuta. Yakaja maji, kisha kukaja maji na hewa, ule mlio wa kukoroma unaosikika kinywaji kinapoisha.

Dada aligeuza kichwa kuusikiliza mlio huo. Alisema taratibu, "Washa gari."

"Ili iweje?"

"Washa. Usifungue kitu. Washa tu, usikilize."

Fundi aliuchukua ufunguo kiganjani mwa Mzee, akawasha. Chini ya ngurumo ya injini, kwenye giaboksi, kulikuwa na mlio mwembamba wa kulia, unaokatika na kurudi. Walikuwa wameusikia tangu jana na kuudhani ni uchovu wa gari. Pampu ya oili ilikuwa inavuta hewa, kama ule mpira dumuni.

Fundi alizima, akashuka na kumwambia dada yake kwamba hilo haliwezekani, kijiti kimeonyesha imejaa, amekipima mpaka kimechoka.

"Imejaa ikiwa imelala," alisema Dada. "Ikiwa inafanya kazi, umewahi kuipima?"

Fundi aligeuka kuitazama boneti. Injini ikiwaka, pampu huinyanyua oili kutoka chini na kuisambaza kwenye mabomba. Ikizimwa, yote huteremka na kujaa chini tena. Walikuwa wakipima gari lililolala. Miaka yote, magari yote, na kwa bahati hakuna hata moja lililowahi kuwaumbua mpaka leo. Ili kujua ukweli ilibidi boneti iwe wazi, injini iwake, na mkono wa mtu upite kando ya feni.

Fundi alisema atafanya yeye. Alifungua boneti, na Dada akasimama na ufunguo, lakini mkono wa Fundi uliishia hewani mbele ya feni iliyokuwa hata haijaanza kuzunguka. Akaurudisha. Akaupeleka tena, ukakataa. Aliona haya, akajitukana, akasema mkono hautaki. Dada akasema basi aje yeye, na hapo sauti kavu ikatoka kivulini kuwaambia waache.

Mzee alikuwa ameshika gurudumu na kujiinua. Walidhani anawakataza, kama alivyowakataza maisha yao yote. Alikuja akijishikilia kwenye bampa, akavua shati lake lote, akalitupa mchangani. Kifua chake cha mzee kilibaki wazi juani.

"Baba, huo mkono..." alianza Fundi.

"Huu feni inaujua," alisema Mzee. "Washa, mwanangu."

Dada aliwasha, na alikiri baadaye kwamba alifumba macho. Feni ikawa duara la kijivu. Mzee alisimama mbele yake, mkono wa kushoto umeshika bampa. Kisha mkono wa vidole vitatu ukaingia kando ya feni, ukashika kijiti, ukakitoa. Akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, akakitoa mara ya pili na kukiinua juu wakione.

Kilikuwa kikavu. Nchani tu kulikuwa na doa la hudhurungi.

Na kwa kuwa boneti ilikuwa wazi na injini inawaka, Fundi aliona jambo la pili. Kwenye kiungo cha bomba linalokwenda kwenye rejeta, uzi mwembamba mwekundu wa oili ulikuwa unaruka na kupotea nyuma pamoja na upepo wa feni. Injini ilipozimwa, uzi ukakatika papo hapo, hata tone halikubaki la kuonyesha chini. Fundi alikaa chini akacheka kwa uchungu. Alikuwa amemwagia maji ya baba yake kwenye chuma kwa sababu ya klipu ya kubana bomba iliyolegea.

Klipu aliikaza kwa bisibisi. Oili ya akiba hawakuwa nayo, lakini nyuma yao, juu ya trela, kulikuwa na pikapu ambayo injini yake ndiyo iliyokufa, siyo giaboksi, nayo ya otomatiki. Dada alinyonya dumu tone la mwisho kwa ule mpira, akalihifadhi mdomoni, akalitia kinywani mwa baba yake. Kisha akachukua kisu na kulikata dumu katikati. Lilikuwa chombo chao pekee cha maji, na sasa likawa beseni. Fundi alilala chini ya pikapu kwenye chuma cha trela kilichoiva kwa jua, akaunguza mabega, akalegeza sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, na oili nyekundu, safi, ikaanza kushuka.

Waliimimina injini ikiwaka. Mzee alipima. Hakumwachia mtu kijiti mpaka alama ilipofika.

Dada aliifunga gia kwenye ya pili ili isianze tena mchezo wake wa kupanda na kushuka. Akakanyaga. Lori lilijivuta, likasita, likaushika mlima wa mawe na kuupanda polepole bila kuteleza. Trela waliiacha hapo. Mzee aliegemea bega la Fundi, akaacha kujibu kabisa, na Dada hakuthubutu kupunguza mwendo wala kuongeza. Alilia akiendesha, bila sauti, akiwa amekasirishwa na jua, na lori, na maandishi mekundu ukutani.

Lami ilipotokea, ilitokea na kituo cha mafuta. Mama aliyekuwa akipampu mafuta alimwona Mzee, akaacha kazi. Alivuta mpira wa kuoshea magari na kummwagia Mzee kichwani, kifuani, miguuni, kisha akamnywesha kidogo kidogo kwa kikombe chake mwenyewe, akimfokea kila alipotaka kunywa kwa pupa. Jua lilikuwa limelala Mzee alipouliza lori liko wapi. Ndipo Fundi alipojua kwamba baba yake amerudiwa na fahamu.

Kulikuwa na safari ya kurudi kuifuata trela, na klipu ilihitaji kuangaliwa. Fundi alikwenda kufungua boneti. Kwa mazoea Dada alizima injini na kwenda kuweka ufunguo kwenye kiganja cha baba yake.

Mzee aliutazama, akamrudishia. "Washa," alisema.

Akasimama kando ya Fundi, akaushika mkono wake wa shati, na kwa vidole vyake vitatu akaanza kuukunja taratibu, kunjo juu ya kunjo, mpaka juu ya kiwiko. Akahamia mkono wa pili. Alipomaliza aliyavuta makunjo kuhakikisha hayalegei.

"Haya," alisema. "Sasa ingiza mkono. Mimi nipo hapa."