Donge Kwenye Kioo

Kila msimu wa mpunga kukomaa, Kandida aliamka mapema akaenda na mama yake kuamia ndege kabla ya shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano kijijini Mkula, na kwa kupiga debe na kurusha kombeo hakuna aliyemfikia. Lakini mwaka ule wa 1996 tumbo lilianza kumkata. Mwanzoni lilikuja na kuondoka. Baadaye lilimkunja katikati ya shamba, ndege wakatua kwenye mpunga na kula wapendavyo, naye amejilaza juu ya jaruba akitapika.

Mama yake, Aurelia, alimwinua akamwosha uso. Mdogo wa mama, Balbina, aliwahi kuugua vivyo hivyo. Alipasuliwa, ukakutwa uvimbe, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Mama hakumtaja, lakini Kandida alijua anamfikiria.

Walipanda basi hadi Ifakara. Hospitalini, Daktari Evaristo alimpapasa tumbo, akasema kesho yake watamtazama kwa mashine ya ultrasaundi. Muuguzi, Sista Verediana, akampa masharti.

"Baada ya chakula cha jioni usile kitu chochote. Kesho utakunywa juisi ya machungwa niliyoichuja mwenyewe. Tumbo likiwa tupu, juisi inaonekana nyeusi kwenye kioo cha mashine, na kitu kisichotakiwa kuwemo kinajitokeza waziwazi. Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Sista."

Asubuhi Kandida aliamka wodini tumbo limetulia, na njaa inamuuma. Mama alikuwa ametoka kwenda bombani. Chini ya kitanda palikuwa na sufuria ya kiporo cha wali na maharage waliyobakiza jana jioni. Alimega tonge moja, akaangalia mlangoni, akamega la pili. Kufikia la tano alikuwa anameza bila kutafuna. Akafunika sufuria, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Umekula kitu?" Sista Verediana alimuuliza alipomletea juisi.

"Hapana."

Alikunywa bilauri mbili. Ndani ya chumba cha mashine alipakwa mafuta ya baridi tumboni, na daktari akapitisha kifaa chake polepole. Kisha mkono wake ukasimama. Alirudia palepale mara ya pili, mara ya tatu. Kandida aliinua shingo kutazama kioo.

"Mama," daktari alisema hatimaye, "kuna donge ndani ya tumbo. Sijui ni kitu gani. Kwa jinsi anavyotapika, nahofia njia ya chakula inaziba. Sipendi kungoja. Tumpasue leo hii."

Mama aliletewa karatasi ya kukubali. Alishika kalamu, akaikandamiza hata ncha ikatoboa karatasi. "Kama Balbina," alinong'ona. Mlangoni, watu wawili walikuwa wamekwishafika na machela.

Kandida alitazama kalamu ile. Akisema, ataaibika mbele ya watu wote. Asiposema, kisu.

"Mama, usitie saini," alisema. "Nilikula. Wali. Matonge matano, ulipokwenda bombani."

Daktari Evaristo aliwaashiria wale wa machela waondoke, akavuta kiti na kukaa karibu naye.

"Unajua nini kingetokea?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kabla ya kupasua tunamlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi. Chakula kikiwemo tumboni kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu. Usingeamka."

Mama aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika, na Kandida akalia kwa mara ya kwanza tangu augue.

Siku hiyo alishinda bila kula, Sista akimtazama kila saa. Kesho yake alikunywa juisi tena. Safari hii tumbo lilionekana jeusi tupu, na donge halikuwepo. Kifaa kiliposhuka kwenye utumbo, ambako juisi ilikuwa imeanza kuteremka, zikaonekana nyuzi nyeupe, ndefu, zikijipinda.

"Minyoo," alisema daktari. "Mingi. Hii tunaitoa kwa dawa, hatuhitaji kisu."

Siku tatu baadaye maumivu yalikuwa yamekwisha. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaeleza wachemshe maji ya kunywa, na Kandida anawe mikono kwa sabuni atokapo shambani na chooni. Kisha akamtazama usoni.

"Mashine ilituonyesha donge, Kandida. Haikuweza kutuambia kwamba ni wali. Wewe ndiye uliyejua. Mgonjwa akimdanganya daktari, anamfumba macho mtu aliyeshika kisu."

"Nimekuelewa, daktari. Nisamehe."

"Mwombe mama yako msamaha kwanza."

Kandida alimgeukia mama yake, akapiga goti. Mama alimwinua kabla hajafungua kinywa.

"Nilikwishaanza kukulilia, mwanangu," alisema. "Ukweli wako ulichelewa, lakini ulifika. Siku nyingine usiucheleweshe."