Moshi wa Matairi Kuze

"Kache, ulikuja kwetu ukanywa kahawa ya mamangu, ukatwambia hamtawasha hata kiberiti. Sasa mbona mwatuchomea matairi?"

Ilikuwa sauti ya Faiz kwenye simu, akikohoa. Kache Jefwa ndiyo kwanza ashuke feri, Jumamosi saa nne asubuhi, akitoka kwa dadake Likoni.

"Matairi gani, Faiz?"

"Njoo ujionee. Mama hapumui vyema."

Kache alirukia tuktuk. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mazingira wa filamu iliyokuwa ikipigwa mtaa wa Kuze, Mombasa. Wiki mbili alikuwa amebisha mlango mmoja mmoja akiwaahidi wenyeji: jenereta hakuna, taa zitatumia betri za sola, chupa za plastiki hakuna, na ile nyumba inayoungua kwenye hadithi, moto wake utatengenezwa kwenye kompyuta. Kwa maneno hayo ndipo watu wa mtaa walipokubali. Na mtayarishaji wa filamu hiyo alikuwa Menza, mchumba wake.

Alipofika, kichochoro kizima kilikuwa kimejaa moshi mweusi. Mapipa mawili ya matairi yalikuwa yakiwaka chini ya dirisha la Bi. Zuhura, mamake Faiz, mwenye pumu. Jenereta lilikuwa likinguruma.

"Zimeni!" Kache alipiga kelele.

Menza aligeuka, kitambaa puani. "Kache! Watuharibia picha!"

"Nyinyi mwaharibu watu vifua. Zima moto huo."

"Dakika kumi tu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi hapa. Zima!"

Hakungoja jibu. Alinyakua ndoo ya mchanga akaimwaga kwenye pipa la kwanza. Wafanyakazi wawili, kwa aibu, wakamwaga kwenye la pili.

Mlango ukafunguliwa. Faiz na majirani walimtoa Bi. Zuhura akiwa amekalishwa kitini, midomo imemgeuka rangi. Alipopita mbele ya Kache aliinua kidole.

"Wewe ndiwe uliyenipa ahadi, mwanangu."

Wakampakia kwenye tuktuk ileile, wakaenda hospitali.

Kache alibaki pale, machozi yakimtoka, asijue ni ya moshi au ya hasira.

"Menza, moto wa Samuel uko wapi?"

Samuel ndiye aliyekuwa fundi wa picha za kompyuta, na ofisi yake ilikuwa Tudor.

"Samuel ataka wiki tatu zaidi. Wafadhili wataka kuiona filamu Ijumaa. Ningefanyaje?"

Kache alipiga simu, akaweka spika.

"Samuel, moto wako utakuwa tayari lini?"

"Moto upi tena, dada? Niliumaliza Jumatano, nikamtumia Menza. Akanambia hauna uhai, ataka wa kweli. Akasema wewe umeridhia."

"Mimi?"

"Jana kanitumia hata ripoti ya wafadhili, ina sahihi yako. Nakutumia sasa hivi."

Simu ikalia. Kache akaifungua ile ripoti: *Hakuna kilichochomwa. Hakuna jenereta lililotumika. Kache Jefwa.* Ilikuwa na tarehe ya jana yake. Kumbe uongo uliandikwa kabla tairi la kwanza halijawashwa.

Aliitazama ile sahihi. Mkia wa herufi J ulikuwa umekatika.

"Hii ni sahihi ya mkataba wa nyumba yetu," alisema polepole. "Siku ile kalamu iliniishia wino. Umeitoa pale ukaibandika hapa."

"Kache, twende tukazungumze kando."

"Zungumza hapahapa! Moshi si umewavutisha hapahapa?"

"Nilijua utakataa! Kila kitu kwako ni hapana. Jenereta hapana, plastiki hapana. Mimi natengeneza filamu, siendeshi madrasa!"

"Ukajua nitakataa, ukaniiba jina."

"Nilifanya kwa ajili yetu! Filamu hii ikinyanyuka, nani atafaidika? Harusi ni mwezi ujao, Kache."

"Bi. Zuhura akifa, hiyo harusi utaifanyia wapi? Juu ya kaburi?"

Majirani walikuwa wamejaa barazani, na ukuta nyuma yao ulikuwa umejaa masizi.

Kache aliyapiga picha mapipa yaliyokuwa bado yakifuka, akakaa palepale kwenye ngazi akawaandikia wafadhili: *Ripoti mliyoletewa si yangu. Sahihi imeghushiwa. Leo tumechoma matairi mtaani na mgonjwa yuko hospitali. Picha za moshi nimeziambatanisha.*

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. Kazi isimamishwe. Menza akae kando. Moto utumike ule wa Samuel.

Jioni Menza alituma ujumbe: *Umenimaliza. Sawa. Lakini kesho ni tangazo letu la tatu la ndoa kanisani. Njoo tukae pamoja, watu wasipate la kusema.*

Kache alijibu neno moja: *Nitakuja.*

Jumapili alikaa benchi ya nyuma. Menza alikuwa mbele na mamake, suti imempendeza, akigeuka kila mara kumtafuta. Mchungaji alivaa miwani.

"Natangaza ndoa kati ya Menza na Kache. Hili ni tangazo la tatu na la mwisho. Mwenye kujua kizuizi chochote, na aseme."

Kache akasimama.

"Mimi, mchungaji."

Kanisa zima liligeuka.

"Lakini wewe ndiwe bibi harusi," mchungaji alisema.

"Ndiyo. Na mimi sitaki."

Akatoka. Menza akamkimbilia hadi uani, mamake nyuma yake akihema.

"Umeniaibisha mbele ya watu!" Menza alifoka.

"Wa Kuze si watu?"

Mamake alimshika Kache mkono. "Mwanangu, Menza kanambia. Wavunja ndoa kwa sababu ya moshi tu?"

"Mama, kuna mwanamke wa umri wako yuko kwenye oksijeni tangu jana. Nimelala naye wodini. Muulize mwanao ameenda kumuona mara ngapi."

Mama aligeuka. "Menza?"

Menza alipiga hatua kurudi mlangoni.

"Menza, nakuuliza."

"Sijaenda, mama."

Mama aliuachilia mkono wa Kache. Akafunga leso yake vizuri kiunoni, akamkamata mwanawe kwa kola ya suti kama alivyokuwa akimkamata utotoni.

"Twende."

"Wapi, mama? Ibada haijesha."

"Hospitali. Utapiga magoti mbele ya mama huyo, nami nitapiga kando yako, maana mimi ndimi niliyekuzaa."

Wakashuka kuelekea barabarani. Menza aligeuka mara moja, akamtazama Kache kwa macho ya kuomba.

Kache hakuwafuata.