Paa Gani, Siwema?

Sogeeni karibu, watoto. Aliye mbali avute mkeka. Aliye na kitu mdomoni ameze kwanza.

Huyu ni Siwema. Anakaa Lindi, katika nyumba yenye mlango wa buluu. Meno yake ya mbele yameng'oka, lakini anacheka tu.

Siwema anasoma chekechea. Anapenda kukata. Anapenda kukunja. Anapenda kubandika. Kwacha-kwacha, mkasi wake haupumziki.

Ukitupa boksi, yeye analiokota. Ukitupa kizibo cha soda, yeye anakitia mfukoni. Mama yake akifua, hukuta vizibo tele.

Shuleni kwao kuna paka mdogo. Jina lake Kidoti. Hana mwenyewe. Usiku darasa likifungwa, Kidoti hulala barazani.

Mvua ikinyesha, upepo huisukuma mpaka barazani. Kidoti hulowa chapachapa. Kisha hupiga chafya. Chya! Chya!

Siku ya Ijumaa mvua ilinyesha. Kidoti akalowa tena. Siwema akatoka nje akamfuta kwa mtandio wake. Futa, futa, polepole.

Ndani ya darasa, Mwalimu Esha alikuwa anasema na watoto. "Jumatatu tutamjengea Kidoti nyumba. Tutatumia vitu vya nyumbani visivyotakiwa tena. Issa, lete kuta. Rukia, lete mlango. Siwema atatengeneza paa."

Watoto wote walisikia. Siwema hakusikia. Alikuwa barazani na paka. Ninyi mmesikia, lakini msimwambie!

Ngri-ngri-ngri! Kengele ikalia. Rukia akapita mbio na mkoba wake mgongoni.

"Siwema! Mwalimu amesema utengeneze paa! Ulete Jumatatu!"

"Paa gani?" Siwema akauliza.

Lakini Rukia alikuwa ameshafika getini. Rukia akikimbia, humpati.

Siwema akabaki amesimama. Akajikuna kichwa.

*Paa, paa, ni paa gani?*
*Sielewi mimi, jamani!*

Nyumbani, Mama alikuwa anapanga ndoo sebuleni. Bati lilikuwa linavuja. Ta! Ta! Ta! Maji yanadondoka ndooni.

"Shikamoo, Mama. Mwalimu anataka nitengeneze paa."

"Marahaba. Paa?" Mama akatazama juu. "Paa la nyumba ni kazi ya fundi, mwanangu. Na huyo fundi mwenyewe kila siku ni kesho, kesho. Wewe utafika wapi huko juu?"

Siwema naye akatazama juu. Paa lilikuwa kubwa. Lilikuwa mbali sana. Tone likamwangukia jichoni. Ta!

"Hapana," Siwema akasema. "Mwalimu Esha hawezi kunituma juu ya bati. Si hilo."

Lo! Alikuwa karibu kabisa! Haya, tumwache.

*Paa, paa, ni paa gani?*
*Sielewi mimi, jamani!*

Bibi Somoe alikuwa ameketi mkekani. Alikuwa anachambua kunde.

"Shikamoo, Bibi. Paa ni nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Paa ni mnyama! Ana miguu myembamba. Ana macho makubwa. Akisikia kijiti kimevunjika, huyooo!" Bibi akarusha mikono. Kunde zikamwagika zote.

Siwema akaziokota huku anacheka. Mnyama! Mnyama anaweza kumtengeneza.

Akaleta boksi la sabuni. Akalipasua, akalikunja katikati. Likawa mgongo.

Akaleta magunzi ya mahindi, yale yaliyobaki watu wakishakula. Manne yakawa miguu. Moja likawa shingo.

Njiti za ufagio zikawa pembe. Vizibo vya soda vikawa macho.

"Gundi hatuna, Bibi."

"Gundi ya nini, na unga upo?" Bibi akasema. Akakoroga unga na maji jikoni. Pwata-pwata-pwata. Ukawa uji mzito, unanata kama ulimbo.

Siwema akabandika. Bibi akashikilia. Wakangoja, wakangoja. Paa akasimama!

"Bibi, mbona mgongo wake mpana hivi?"

"Ameshiba," Bibi akasema.

Asubuhi ya Jumamosi, Baba alikuwa uani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, kijiko mkononi.

"Shikamoo, Baba. Njoo uone, nimetengeneza paa."

"Marahaba, binti yangu. Ngoja kwanza. Na mimi hapa napaa."

Siwema akashtuka. "Unapaa wapi, Baba?"

"Napaa samaki!" Kwaru-kwaru-kwaru! Magamba yakaruka huku na huku. Moja likatua puani kwa Siwema. "Kumpaa samaki ni kumtoa magamba. Hujui?"

Siwema hakujua. Akalibandua gamba puani. Akaliangalia. Linang'aa kweli.

Sasa ikawaje? Paa ni mnyama? Au paa ni mambo ya samaki? Siwema akachanganyikiwa kuliko jana.

*Paa, paa, ni paa gani?*
*Sielewi mimi, jamani!*

Akaokota magamba yote. Akayaosha. Akayaanika juu ya sinia mpaka yakakauka. Kisha akayabandika shingoni kwa paa, kama mkufu.

Baba akaja kutazama. Akainamisha kichwa upande huu. Akainamisha upande ule. "Mnyama mwenye magamba! Hivi mwalimu wako anataka nini hasa?"

"Sijui, Baba," Siwema akasema, akifikicha macho. "Hata mimi sijui."

"Basi usilie. Amependeza," Baba akasema. "Ananuka samaki kidogo, lakini amependeza."

Jumapili, kaka yake Hemedi akaingia chumbani. Hemedi yuko darasa la nne. Ukimuuliza yeye, hakuna asilolijua duniani.

"Kaka Hemedi, wewe unajua paa?"

"Kupaa ni kwenda juu!" Hemedi akasema. "Ndege anapaa. Eropleni inapaa. Huyu wako anapaa?"

Siwema akamtazama paa wake. Miguu ya magunzi. Macho ya vizibo. Mabawa, hana hata moja.

*Paa, paa, ni paa gani?*
*Sielewi mimi, jamani!*

Hemedi akaleta kiroba kitupu cha unga. Wakakikung'uta. Puf! Wote wawili wakawa weupe kichwani.

Kwacha-kwacha, wakakikata. Wakakitandika mgongoni kwa paa. Upande huu bawa. Upande huu bawa. Wakakaza kwa uzi.

Hemedi akapanda kitandani na paa mkononi. "Moja! Mbili! Tatu! Paa!"

Pu!

Paa akaanguka kifudifudi. Pembe moja ikapinda.

"Hakupaa," Siwema akasema.

"Tatizo lake ameshiba," Hemedi akasema. Akashuka, akaenda zake kucheza mpira. Wajuaji ndivyo walivyo.

Jioni Siwema akakaa peke yake na paa wake. Ni mnyama wa porini. Ana magamba ya samaki. Ana mabawa, na hapai.

Siwema akaogopa. Je, Mwalimu akikasirika? Je, wenzake wakimcheka? Wali wake ukapoa kwenye sahani.

Akajifunika shuka gubigubi. Na chini ya shuka, kwa sauti ndogo sana, akasema:

*Paa, paa, ni paa gani?*
*Sielewi mimi, jamani!*

Jumatatu wingu lilikuwa zito. Siwema akamfunika paa wake kwa khanga ya Mama. Akaenda naye shule polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Barazani watoto walikuwa wameshaanza kazi. Issa alikuwa na boksi kubwa lisilo na kifuniko. "Hizi kuta!" Rukia alikuwa na jalada la daftari lililokwisha, lenye kitasa cha kifungo cha shati. "Huu mlango!"

"Mnajenga nini?" Siwema akauliza.

"Nyumba ya Kidoti!" Rukia akasema. "Wewe si ndiye mwenye paa?"

Nyumba? Siwema akazitazama kuta. Akautazama mlango. Akatazama juu ya kuta. Palikuwa wazi.

Ooo. Ooooo! Paa la nyumba!

Mwalimu Esha akaja. "Siwema, paa liko wapi?"

Siwema akafunua khanga. "Paa... huyu hapa, Mwalimu."

Watoto wakatazama. Pembe iliyopinda. Mkufu wa magamba. Mabawa ya kiroba. Kisha kikapasuka kicheko!

"Si paa la nyumba! Ni mbuzi!" Issa akasema.

"Si mbuzi! Ni kuku!" mwingine akasema.

Machozi yakamjaa Siwema. "Sikusikia, Mwalimu. Nilikuwa namfuta Kidoti. Mama alisema paa la nyumba. Bibi akasema mnyama. Baba akasema samaki. Kaka akasema kupaa juu. Mimi sikujua ni lipi. Nikaweka yote."

Mwalimu Esha akapiga magoti mbele yake. "Pole, Siwema. Kosa ni langu. Nilipaswa kukuambia mwenyewe."

Lakini Kidoti je? Leo nyumba haina paa. Na wingu, hilo hapo juu.

Ta. Ta. Ta-ta-ta. Mvua!

Watoto wakakimbilia ndani. Upepo ukaisukuma mvua mpaka barazani. Kidoti alikuwa ameshaingia ndani ya boksi la Issa. Tone likampiga sikioni. Tone likampiga mgongoni.

Chya! Kidoti akapiga chafya. Chya! Akaanza kupanda ukuta ili atoroke.

Siwema alisikia ile chafya. Akasahau kulia. Akasahau kuchekwa. Akambeba paa wake, akakimbia barazani.

Miguu miwili huku. Miguu miwili kule. Akamsimamisha paa juu ya boksi.

Tii! Mgongo mpana ukaziba pale juu. Haukubakiza hata pa kupitisha kidole.

Mabawa ya kiroba yakaning'inia pande zote mbili. Mvua ikapiga kiroba. Ta-ta-ta-ta! Maji yakateleza kushoto. Yakateleza kulia. Ndani halikuingia hata tone.

Na Kidoti? Kidoti akainua pua. Akanusa. Nu-nu-nu. Nani amemletea samaki?

Akatoa kichwa mlangoni kwake, akaulamba mara moja mkufu wa magamba ulioning'inia hapo, akarudi ndani. Akazunguka, akazunguka. Akajikunja, akalala.

Watoto wakachungulia mlangoni mwa darasa, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Paa amekuwa paa," Rukia akanong'ona.

"Mwalimu," Siwema akauliza, "sasa huyu ni paa gani?"

Mwalimu Esha akamtazama paa, kuanzia pembe mpaka miguu. Akajikuna kichwa. "Hata mimi sijui!"

Wakacheka wote, na safari hii Siwema alicheka kuliko wote. Issa akamsogelea. "Siwema, nifundishe na mimi. Nataka kutengeneza mbuzi wa kweli."

Siwema akamwambia, "Njoo kwetu. Magunzi bado yapo."

Usiku mvua ikanyesha tena. Siwema alikuwa kitandani, ubavuni kwa Bibi Somoe. Ndoo ya Mama ilikuwa inaimba sebuleni. Ta. Ta. Ta.

"Sikia," Bibi akasema. "Mvua iko juu ya paa."

Siwema hakuuliza paa gani. Alikuwa anamfikiria Kidoti, mkavu ndani ya nyumba yake, hapigi chafya hata moja.

Akapiga mwayo mrefu. Akamkumbatia Bibi. Akalala.

Na ninyi je? Mbona huyo wa pale bado anatoa macho? Haya, lala.