Doa Lililomshinda Dobi

Dobi hakuwa na nywele kichwani. Hakuwa na mashine ya kufulia, hakuwa na msaidizi ila mkewe, wala hakuwa na subira. Na tangu mwaka uliopita hakuwa na mtu wa kutembea naye Jumapili jioni. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Sifa hakukosa. Madoa ya chai, wino, kutu, yote aliyatoa. Hata shemeji yake, mwalimu katika mji wa mbali, alimwandikia barua kumuuliza habari za madoa. Dobi alimjibu kila mara, kifua mbele.

Jumapili moja alitoa kabatini gauni la bluu la mkewe, lile linaloishia magotini. Alilipiga pasi mpaka likanyooka kama karatasi mpya.

"Vaa, mama watoto, tutoke."

"Nenda peke yako. Miaka ishirini nimesimama kwenye meza ya pasi. Tazama."

Mkewe alipandisha sketi yake ndefu. Miguuni palikuwa na nyuzi nyembamba, nyekundu na zambarau, zimetanda kama utando wa buibui.

"Nikitoka hivi, watu watadhani umeoa ramani," alisema.

Dobi aliinama, akatazama kwa makini. "Nimetoa wino kwenye shati la bwana harusi, saa moja kabla ya harusi. Hizi ndizo zitakazonishinda?"

"Mguu si shati, mume wangu."

"Wewe kaa tu."

Alichovya kitambaa kwenye dawa ya madoa, akasugua mguu mmoja polepole, kwa mapenzi. Mkewe alimwacha. Alipenda kumwona akihangaika kwa ajili yake.

Asubuhi ngozi ilikuwa nyekundu, ina malengelenge. Nyuzi zilikuwa pale pale.

Dobi hakungoja chai. Alikwenda mlango wa pili kumwita jirani yao, muuguzi. Muuguzi aliosha mguu kwa maji mengi safi, akaufunga.

"Nani amekufanya hivi, mama?"

"Dobi."

"Dobi yupi?"

"Huyo anayetazama sakafu."

Muuguzi alijizuia kucheka. "Baba, hili si doa. Ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka chini ya ngozi. Ukisugua, unaumiza ngozi tu."

"Ni ugonjwa mbaya?" Dobi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mara nyingi haina hatari. Inaweza kuwasha, au miguu ikachoka. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, msingoje. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo."

"Na nyuzi hizi ndiyo basi tena?" mkewe aliuliza.

"Zipo sindano. Daktari aliyesomea kazi hiyo anaingiza dawa ndani ya mshipa wenyewe. Kuta za mshipa zinashikana, damu inapita kwenye mishipa mingine, na ule uliofungwa unafifia. Si kwa siku moja. Ni wiki kadhaa, na pengine kurudia."

Dobi alirudi nyuma hatua moja. "Sindano ngapi?"

"Unaogopa nini?" mkewe alimuuliza. "Anayechomwa ni mimi."

Ngozi ilipopona, walikwenda kliniki. Daktari aliuliza maswali kwanza. Je, damu imewahi kuganda mguuni? Kuna dawa inayomdhuru? Ana mimba?

"Mimba?" alisema mke wa Dobi. "Wajukuu wangu watacheka."

Sindano ilikuwa nyembamba kama unywele. Dobi aligeukia ukutani.

"Inauma?"

"Kama kung'atwa na sisimizi. Geuka, basi, uone kazi ya watu."

Daktari alimvisha soksi ndefu za kubana. Alimwambia alama za kahawia zinaweza kubaki kwa muda, na mishipa mipya inaweza kuja baadaye. "Na leo hii utembee," alisema. "Kutembea kunasaidia damu."

"Umesikia?" Dobi alisema, akampa mkono. "Amri ya daktari."

Walirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Wiki ile Dobi alimwendea seremala, akaleta kiti kirefu, ili mkewe apige pasi huku amekaa.

Sindano zilirudiwa mara moja zaidi. Baada ya miezi michache nyuzi nyingi zilikuwa zimefifia. Ndipo ikaja barua ya shemeji. "Shemeji, miguu yangu imechorwa kama ya dada. Wewe doa gani limekushinda? Nitumie chupa ya dawa yako."

Dobi aliisoma mara mbili. "Mjibu wewe," alimwambia mkewe.

"Amekuandikia wewe, bingwa wa madoa."

Dobi alishika kalamu. Kisha akaandika:

"Shemeji, hilo si doa. Usisugue kitu chochote. Mimi nilisugua, nikamuunguza dada yako. Nilikuwa sijui, na sikuuliza. Nenda kwa daktari wa mishipa. Dada yako amepona, nami nimejifunza."

Mkewe alisoma juu ya bega lake. Alimbusu kwenye upara, akaenda kuvaa gauni la bluu.

Dobi aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha. Alipaka gundi, akaikandamiza kwa pasi baridi mpaka ikashika. Walikwenda posta pamoja, taratibu, na Dobi akaitumbukiza sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.