Chokaa ya Mwezi wa Saba

Maiti ya Hikmat ilikuwa imelala kifudifudi chini ya mti wa chinari, mbele ya mkahawa wa chai wa Mtaa wa Wafinyanzi, mjini Kokand. Kando yake palikuwa na tawi nene kama kiuno cha mtu, majani yake bado ya kijani. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na jua la mwezi wa saba lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Inspekta Oydin alichuchumaa. Marehemu alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Kofia ngumu ilikuwa kichwani, mkanda wa kupandia kiunoni. Kilichokosekana ni kamba.

"Kamba iko wapi?"

"Garini, afande." Aliyejibu ni Ergash, mzee wa miaka hamsini na mitano, mwenye kampuni ndogo ya kutunza miti. Alikuwa pia mjomba wa marehemu. "Hakujifunga. Nilimwambia, hakusikia. Vijana wa siku hizi wanajiona paka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa chini. Niligeuka kuwasha msumeno. Kuinua macho, yuko juu. Kufumba na kufumbua, yuko chini."

Sajini Ilhom aliandika haraka haraka. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha: ajali kazini, uzembe wa marehemu. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa mazito kuliko tawi lenyewe, kwa sababu yakishaingia katika jalada, mjane hapati fidia, na watoto wanakua wakiambiwa baba yao alikufa kwa ujinga wake.

Mjane alikuwa ameshafika. Aliitwa Robiya. Hakulia. Alisimama nyuma ya utepe wa polisi akiwa amevaa kandambili moja tu.

"Wanasema hakujifunga," alimwambia Oydin. "Afande, mume wangu alikuwa anajifunga hata akipanda kuchuma tufaha za mama yangu. Mti mfupi, ukitaka kushuka unaruka tu. Majirani walikuwa wanamcheka."

"Nimesikia, dada."

"Usisikie tu. Andika."

Oydin aliandika. Kisha akautazama mti.

Miti yote ya mtaa ule ilikuwa imepakwa chokaa hadi usawa wa kiuno. Hupakwa mwezi wa tatu, kabla ya sikukuu ya Navruz, mtaa mzima ukitoka na ndoo na brashi, na kufikia mwezi wa saba chokaa huwa imefifia na kuwa rangi ya majivu. Mti huu ulikuwa mweupe kama ukuta wa nyumba ya bwana harusi, na weupe wenyewe ulipanda hadi juu ya kichwa cha Oydin. Aligusa. Kidole kikatoka cheupe.

"Ilhom, nani anapaka miti chokaa ndani ya chilla?"

Chilla ni zile siku arobaini za joto kali. Sajini alicheka. "Hakuna, afande. Hata mbwa hawabweki."

Ng'ambo ya barabara Mama Saodat, muoka mikate, alikuwa ameinamia tanuri lake la udongo, uso umeiva kwa moto.

"Nimemwona jana jioni, binti yangu," alisema bila kuulizwa mara mbili. "Ergash huyo huyo, na ndoo. Nikamwambia, wewe mzee, jua limekupanda kichwani? Akasema wadudu wamezidi. Wadudu gani? Miaka arobaini nipo hapa, mdudu ninayemjua ni mwenyekiti wa mtaa."

"Na leo asubuhi?"

"Nilikuwa nabandika mikate ya kwanza. Nikasikia kishindo. Nikadhani wameshusha tawi, ndiyo kazi yao. Nimeshaitoa mikate yote, nimeipanga kwenye kitambaa, ndipo Ergash anaanza kupiga kelele, jamani, jamani, iteni gari la wagonjwa."

"Mikate yako inakaa tanurini muda gani?"

"Dakika kumi. Ikizidi, nakula mwenyewe."

Oydin alirudi kwenye mti akachukua kisu. Alikwangua chokaa. Chini yake, usawa wa mabega, palikuwa na kiraka cha udongo kilichofunikwa vizuri. Akakichokonoa. Kikatoka kizibo cha udongo, na nyuma yake tundu refu la keekee lenye maji meusi yanayonuka dawa ya kuua magugu. Wakakwangua wote wawili mpaka jasho likawalowesha. Waliyapata matundu tisa, yameuzunguka mti mzima.

"Wameutilia sumu," alisema Ilhom. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Oydin alilitazama lile tawi lililoanguka. Majani yalikuwa ya kijani kwa nje, lakini pale lilipokatikia, mti ulikuwa mkavu na wa kahawia, ukivunjika kwa kucha. Juu ya gome palikuwa na alama ya kamba, nyembamba, mpya.

Wakaenda garini. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri na kutundikwa kwenye ndoano. Ilikuwa imepakaa chokaa nyeupe kwa urefu wa mikono mitatu. Oydin aliitia katika mfuko wa vielelezo.

Ergash alihojiwa saa tisa alasiri kituoni. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa mezani, imelazwa chali.

"Ergash-aka," alianza Oydin, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "kamba hii ilitumika mara ya mwisho lini?"

"Juzi. Kwenye misonobari ya bustani ya stesheni."

"Misonobari ile ina chokaa?"

"Ya mwezi wa tatu, kama yote."

"Ya mwezi wa tatu imeshashika, haichafui kitu. Chokaa hii mbichi, kamba imeipata wapi? Mji mzima una mti mmoja wenye chokaa mbichi."

Oydin aliisukuma kamba hadi mbele ya mzee.

"Nani aligonga mti asubuhi?"

Katika kazi ile, kabla mtu hajapanda, mkubwa wa kazi huugonga mti kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Akisema mzima, unapandwa.

"Mimi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema mzima."

"Hikmat hakugonga tena?"

Mzee aliinua kichwa kana kwamba ametukanwa. "Mpwa wangu agonge nyuma yangu? Nimemfundisha kazi mwenyewe. Ana adabu yule."

"Alikuwa nayo. Kama angekuwa na adabu kidogo tu pungufu, angekuwa nyumbani sasa hivi anakula."

Feni ilizunguka juu yao bila kuleta upepo wowote.

"Mama Saodat alisikia kishindo akibandika mikate. Wewe ulianza kupiga kelele mikate imeshatoka. Dakika kumi, Ergash-aka. Daktari anasema kijana aliishi karibu robo saa baada ya kuanguka. Ulikuwa unafanya nini?"

Mzee aliisogeza ripoti ya daktari mbali naye.

"Nilikuwa nakunja kamba."

Ilhom aliacha kuandika.

"Tawi lilivunjika naye akiwa amejifunga," alisema Ergash. "Fundo lake lilishika. Hajawahi kufunga fundo bovu. Nikajua wakiiona kamba kwenye tawi watauliza tawi limekufa lini, na limekufa kwa nini. Nikaifungua kiunoni mwake, nikaifungua kwenye tawi, nikaikunja."

"Alikuwa anasema chochote?"

"Alikuwa ananiita."

Oydin aliuliza kwa sauti ya kazi. "Sumu ulitia lini?"

"Mwezi wa tatu. Siku ya kupaka chokaa, nani angeniangalia? Juzi maji meusi yakaanza kupenya, jana nikapaka tena."

"Kwa nini?"

"Tulkin, mjenzi. Anataka kiwanja kile chenye mti. Mti mzima haukatwi, sheria imekataza. Mti mgonjwa unakatwa. Akaniambia, wewe ndiye daktari wa miti, upe ugonjwa. Nitakupa bustani za majengo yangu yote, miaka mitatu." Aliufuta uso kwa kofia yake. "Nilikuwa na wapandaji sita, afande. Watano wako Urusi wanabeba matofali. Hakuna anayekubali kumkatia bima mtu anayepanda miti. Mteja unamwambia tupunguze matawi haya mawili, anakwambia kata kichwa chote, jirani amekatiwa na watu wa shoka, wasiosomea kazi, kwa bei ya chai. Ukikataa, anawaita wa shoka. Miaka ishirini na sita nimekataa. Miti yangu ipo, kampuni ndiyo inakufa. Na Hikmat alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda huko."

"Hikmat naye?"

"Nilimwomba asubiri mpaka vuli. Nikamwambia kuna kazi kubwa inakuja, kampuni itakuwa yako. Akairudisha tiketi." Sasa alikuwa analia waziwazi, kwa kelele, kama mtoto. "Mwenyekiti wa mtaa akataka vitawi vikavu vishushwe visiangukie wanywa chai. Ningekataa, angeitwa mtaalamu mwingine aje kuangalia. Nikasema vitawi tu, dakika ishirini. Tawi lile lilikuwa na majani. Nilijiambia labda litashika."

"Ulipogonga, mti ulilia vipi?"

"Kama sanduku tupu," alisema Ergash.

Alitia sahihi maelezo yake kwa mkono uliotulia kabisa. Tulkin aliitwa, akaja na wakili, akanywa maji ya kituo, akasema hamjui mzee huyo. Hapakuwa na karatasi yoyote kati yao. Akaondoka.

Ripoti ya Oydin ilikuwa ndefu na safi. Marehemu alijifunga kamba ipasavyo. Fundo lilishika. Mti ulitiliwa sumu na ulikuwa umekufa kuanzia ndani. Nakala moja alimpelekea Robiya mwenyewe, kwa mkono wake, na Robiya akaisoma ukurasa kwa ukurasa mlangoni, mtoto akiwa amemshika gauni.

Wiki mbili baadaye Oydin alipita Mtaa wa Wafinyanzi akakuta misumeno inanguruma. Watu wa shoka walikuwa wameupanda mti wa chinari bila kofia, bila kamba, wakirushiana vipande na matusi. Kwenye uzio palibandikwa kibali cha kukata. Sababu: mti umekufa na umeshaua mtu. Ushahidi: ripoti ya polisi, yenye sahihi ya Inspekta Oydin.

Robiya alikuwa amesimama ng'ambo, mfuko wa mikate mkononi. Alimwona Oydin anasoma, akavuka barabara.

"Nimeambiwa fidia itatoka," alisema. "Jina lake limesafishwa. Asante, afande."

Shina lilitikisika na watu wakapiga kelele wenzao wakimbie.

"Na yule mjenzi kapata kiwanja chake," alisema Robiya. "Karatasi yako moja tu, imetutosha wote wawili."