Chapchap na Vidonge vya Asubuhi

Wateja walimwita Chapchap kwa sababu ya vidole vyake. Alikuwa msusi. Kichwa ambacho wenzake walikimaliza jioni, yeye alikimaliza mchana, tena huku akipiga soga na saluni nzima ikicheka.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alimeza kidonge kimoja. Tezi yake ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ilikuwa dhaifu. Tezi hiyo hutoa homoni inayouendesha mwili. Homoni ikipungua, mtu huchoka, husikia baridi na huvimba uso. Kidonge kilijaza pengo hilo.

Kisha akapata ujauzito, baada ya kuungoja kwa muda mrefu. Mumewe alifurahi mno. Mama mkwe akafunga safari kuja kumtunza. Asubuhi ya kwanza tu, akakiona kidonge.

"Mwanangu, unameza nini na mimba hiyo?"

"Dawa ya thairoidi, mama."

"Achana nayo. Madawa hayo yatamdhuru mtoto."

Chapchap akamtazama mumewe. Mume akajikuna kichwa. "Labda mama ana hoja. Tusije tukajuta."

Akaacha dawa.

Mwanzoni hakuona tofauti. Baadaye mwili ukawa mzito kama gunia lililolowa. Sauti ikakwaruza. Akawa anavaa sweta saluni huku wenzake wakijipepea.

"Siku hizi tukuite Polepole?" mteja mmoja alimtania.

Wote wakacheka. Yeye alijilazimisha kutabasamu.

"Ni mimba tu hiyo, utaizoea," mama mkwe alimwambia nyumbani.

Siku moja alisinzia akiwa amesimama, nywele za mteja mkononi. Chanuo likamponyoka. Alipoinama kuliokota, miguu ikamkatalia. Akaanguka kwa magoti. Mwenye saluni akampigia mume simu.

Mume akaja na mama yake, wakampeleka kliniki. Mkunga alimshika Chapchap mkono, akahesabu mapigo ya moyo. Yalikuwa ya polepole mno.

"Dada, una ugonjwa wowote wa siku nyingi?"

"Thairoidi. Lakini dawa niliacha, kwa ajili ya mtoto."

Mkunga akavuta kiti karibu.

"Nisikilize vizuri. Miezi ya mwanzo, mtoto hana homoni yake mwenyewe. Anategemea yako, na ubongo wake unaihitaji ili ukue. Ukipungukiwa wewe, naye anapungukiwa. Mjamzito mwenye shida hii mara nyingi huhitaji dawa zaidi ya zamani."

Chapchap akashika tumbo. "Nimemuumiza mwanangu?"

"Sijui. Sitakudanganya. Kwanza tumsikilize."

Akampaka mafuta tumboni, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Hakuna sauti. Akakisogeza. Bado kimya. Kisha pigo la moyo likasikika, dogo, la haraka: tu-tu-tu-tu.

"Yupo," mkunga alisema. "Na dawa inaanza leo."

Mama mkwe akaegemea ukuta. "Mimi ndiye niliyemkataza," alinong'ona.

"Ulimtakia mema, mama. Siku nyingine tuulizeni kwanza."

Daktari wa kliniki aliagiza damu ipimwe, akapanga kipimo kipya cha dawa.

"Meza asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu," alieleza. "Chai na chakula vingoje nusu saa au zaidi. Vidonge vya kuongeza damu tunavyowapa wajawazito vimeze mchana. Ukivichanganya, vinaizuia dawa kuingia mwilini."

"Nikijisikia kuchoka, niongeze kimoja?"

"Hapana! Dawa ikizidi, moyo hukimbia na mikono hutetemeka. Nguvu zitarudi taratibu. Njoo kila mwezi tupime damu. Majibu ndiyo yatatuonyesha kama tuongeze au tupunguze."

Nguvu zilirudi kweli, lakini hofu haikuondoka. Kila mtoto alipotulia tumboni, Chapchap aliacha kusuka, akangoja teke.

Mtoto alizaliwa miezi yake ilipotimia. Alikuwa wa kike, na alilia kwa hasira hadi wodi ya pili wakasikia. Wakampima damu ya kisiginoni kuangalia tezi yake, na majibu yakaja mazuri. Mkunga akamfunga kanga, akampelekea bibi yake.

Bibi alinyoosha mikono, kisha akairudisha. Akamgeukia daktari aliyekuwa wodini.

"Kwanza niambie, daktari. Mama yake ameshazaa. Dawa yake inabaki ileile?"

"Umeuliza jambo la maana, mama. Kuanzia kesho anarudi kwenye kipimo cha zamani. Baada ya wiki sita tutampima tena damu."

"Haya," alisema bibi. "Sasa nipeni mjukuu wangu."