Kofia Kwenye Swichi

Baada ya mapumziko ya mchana, mashine ya kuchambua pamba ilikutwa imevunjika meno, nondo ya chuma imekwama katikati. Kwenye swichi ilining'inia kofia ya Fundi.

Katika kiwanda kile cha magodoro, anayeingiza mikono mashineni hutundika kofia yake kwenye swichi, na hakuna anayeigusa. Msimamizi hakuhitaji ushahidi mwingine. Jioni ile Fundi alifukuzwa, mkataba wake ukiwa na miaka miwili mbele. Akamshtaki mwajiri kwa kuuvunja. Alitaka kazi yake na jina lake.

Wakili wake akamtuma mpelelezi.

"Kofia haina miguu," msimamizi alimkejeli. "Ilipanda yenyewe?"

Mwenzake Fundi, aliyerithi nafasi, alikuja juu. "Nimepewa cheo, sikukiiba! Mchana wote nilikuwa getini nacheza drafti na mlinzi."

"Kweli," mlinzi alicheka. "Nilimfunga mpaka nikamwonea huruma."

Fundi mwenyewe alikula nyuma ya ghala, peke yake, kwa sababu ya kikohozi chake. Mkewe alimletea chakula, akaondoka.

Mpelelezi aliiomba kofia. Kofia za wengine zilijaa nyuzi za pamba hadi kwenye mishono. Hii ilikuwa safi, inanukia sabuni.

"Siku ile uliivaa?" alimuuliza Fundi.

"Nilitoka kichwa wazi. Niliiacha kwenye beseni, inafuliwa. Nani angeniamini?"

Mpelelezi aliamini sabuni. Akamfuata Fundi hadi nyumbani. Mkewe alikuwa uani, anaanika nguo.

"Mama, kofia ilifikaje kiwandani?"

Mwanamke alibana nguo ya mwisho kambani, taratibu, kisha akageuka.

"Niliibeba na chakula. Niliitundika asije mtu akawasha nikiwa na mkono ndani, navunja meno kwa nondo, kisha nikaiacha palepale."

"Wewe?" Fundi alishika mlango. "Mama watoto, wewe?"

"Nilikuomba uache, ukasema una mkataba. Mapafu yako hayakutia sahihi mkataba ule, baba. Unakohoa damu, unaificha kwenye leso, na leso nafua mimi. Nikasema wakufukuze. Sikujua utakwenda mahakamani kuomba wakurudishe."

"Umenichafulia jina."

"Heri mume mwenye jina chafu kuliko kaburi lenye jina safi."

Mpelelezi alimwambia Fundi kwa sauti ileile ya kazini, "Kesi inasikilizwa kesho. Ukweli huu utakusafisha wewe, na mama atashtakiwa kwa kuharibu mali."

Fundi aliketi kizingitini.

"Mwambie wakili naiondoa kesi."

"Watasema umekiri."

"Waache waseme."

Kikohozi kikamkamata. Mkewe aliinama, akamwekea kiganja mgongoni, Fundi akakisukuma. Kikohozi kikarudi, kikali zaidi. Kiganja nacho kikarudi, na safari hii hakukisukuma.